Wazee wa kutembea usiku wa manane: kwanini honi ya meli inafika Magomeni saa nane usiku na mchana haifiki?

Miguu_Yangu
Habari wadau. Siku hizi usingizi umenipa talaka. Nageukageuka kitandani mpaka nachoka, basi navaa kandambili natoka nje kuzunguka mtaa. Nakaa Magomeni hapa Dar, naanzia Mwembechai nanyoosha na Morogoro Road mpaka kituo cha Usalama, nakunja ndani kwenye vichochoro mpaka usawa wa maghorofa ya Kota halafu narudi. Saa nane, saa tisa usiku, peke yangu. Vituo vya mwendokasi vimefungwa, taa zinawaka sijui zinamuwakia nani, paka wamejaa jalalani.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Nikifika Usalama nasikia honi ya meli, nzito, ndefu, utadhani meli imetia nanga Jangwani. Mchana sijawahi kuisikia na mimi nimezaliwa hapahapa. Na sio honi tu, nasikia mtu anakohoa nyumba ya mbali, nasikia bomba la uani kwa watu linatema upepo kabla maji ya mgao hayajafika, lile pfff pfff halafu ndoo zinaanza kugongana. Halafu mtaa wenyewe unarefuka. Kutoka kwa muuza chipsi mpaka msikitini mchana ni kugeuka tu, usiku naona safari. Najikuta nawaza vitu vya ajabu, madeni, marehemu baba, mtoto niliyesoma naye la nne B sijui yuko wapi.

Sasa swali, ni makelele ya mchana yanaficha au kuna kitu kingine? Tafadhali msije na majibu ya "kalale".

chapati_mbili
Kalale.

Mkwe_wa_Tandale
Mkuu sema ukweli shemeji amekufungia mlango 😂 mwanaume mwenye kitanda chake hajui bomba la jirani linatema saa ngapi

Mwalimu_Chaki
Salaam. Makelele ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni joto la hewa. Mchana ardhi, lami na bati zinachemka, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu. Sauti inakwenda haraka zaidi kwenye hewa ya moto, kwa hiyo ule upande wa chini wa sauti unatangulia na sauti nzima inapinda kwenda juu, inakupita kichwani. Usiku ukiwa umetulia, bila upepo wala mawingu, ardhi inapoa mapema, hewa ya chini inakuwa ya baridi kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini. Ile honi iliyokuwa ikipotelea angani mchana, usiku inarudishwa mtaani kwenu. Hakuna jini hapo.

Dawa_Baridi
Naongezea hapo kwa mwalimu, ni kwamba hewa ya baridi ni nzito ndio maana inapitisha sauti haraka zaidi usiku

Mwalimu_Chaki
@Dawa_Baridi hapana, umegeuza. Kwenye nyuzi joto 20 sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi ikipungua inapoteza kama 0.6. Usiku sauti inachelewa kidogo, tena ni kidogo usichoweza kukigundua. Kinachobadilika ni njia inayopita.

Dawa_Baridi
Sawa mwalimu, ila mi kwenye chuma najua inaenda haraka na chuma ni kizito

Mwalimu_Chaki
Chuma ni kigumu, hiyo ndio sababu. Tuachie hapo, tutamaliza uzi wa watu.

Kamba_ya_Gati
Nimekula chumvi ya bandari miaka mingi, nimefunga kamba pale nimefungua. Kwanza tusikimbilie kusema ni meli. Unasikia mlio gani? Meli zina lugha yake, ni sheria ya bahari ya dunia nzima. Mlio mfupi ni kama sekunde moja, mrefu ni sekunde nne mpaka sita. Mrefu mmoja ni meli inakaribia kona ambayo haioni ng'ambo yake, na mlango wa bandari yetu pale Magogoni ni mwembamba na una kona. Vifupi vitatu, injini inasukuma kurudi nyuma. Vitano au zaidi vya haraka haraka, nahodha anamwambia mwenzake sikuelewi unafanya nini. Ukisikia vitano ujue kuna mvuvi na ngalawa yake amekatiza mbele.

Sasa wewe Miguu, ulichosikia kilikuwa kirefu kimoja au?

Miguu_Yangu
@Kamba_ya_Gati kirefu, kinanyamaza, halafu kirefu tena. Sina saa ya sekunde mzee wangu, huwa nasimama tu nikisikiliza kama mjinga

Ndugu_Reli
HIYO NI TRENI. Virefu vya kurudiarudia ni treni inakaribia makutano ya barabara. Na tangu SGR ianze 2023 ndio mmeanza kusikia mahoni usiku mnasema meli

tiketi_ya_dirishani
@Ndugu_Reli SGR haikuanza 2023. Abiria wa Dar kwenda Moro walianza tarehe 14 Juni 2024, Dodoma ikazinduliwa rasmi 1 Agosti mwaka huohuo. Na SGR haikatizani na barabara za magari kwa chini hapa mjini, inapita juu au barabara zinapita juu yake, sasa inampigia honi nani? Kama ni treni basi ni ile ya zamani, reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar 1905 wakafika Kigoma 1914. Hiyo bado inakatiza barabara na watu.

Ndugu_Reli
ni treni vyovyote vile

Mlinzi_Zamu
Niruhusuni na mimi. Mimi ni mlinzi, kazi yangu ni kukaa macho nyinyi mkiwa mmelala, sihitaji kutembea ili niusikie mtaa, mtaa unakuja wenyewe getini. Niwaambie usiku haupo mmoja. Mpaka saa sita bado ni mchana uliochelewa, bodaboda wanarudisha walevi. Saa saba mpaka tisa ndio wenyewe, hapo hata friji ya ndani kwa bosi naisikia ikizima. Saa tisa na nusu mama wa vitumbua anaanza kupuliza mkaa. Saa kumi gari la mikate. Halafu muadhini anawasha spika, lazima kwanza agonge maiki mara mbili na asafishe koo, mtaa mzima tunasikia khm, ndio adhana. Sina haja ya saa.

Honi naisikia pia, nalinda Kigogo. Kuna siku nyingi tu siisikii kabisa na kimya ni kilekile. Kwa hiyo wanaosema ni makelele ya mchana tu, mbona kuna usiku hakuna kelele na honi haiji?

Mwalimu_Chaki
@Mlinzi_Zamu ahsante, hapo umenisaidia. Siku ambazo kuna mawingu mazito au upepo, ardhi haipoi vizuri na hewa inachanganyika, lile tabaka la hewa ya baridi chini halijengeki.

Mlinzi_Zamu
Mwalimu lakini wiki iliyopita kulikuwa na mawingu kweli mvua ikitaka kunyesha na nikaisikia vizuri tu

Mwalimu_Chaki
Basi upepo ulikuwa unatokea upande huo.

chapati_mbili
mwalimu ana jibu mfukoni kwa kila hali ya hewa kama mganga

Tanga_Kongwe
Mnazungusha wee, ni upepo. Bandari iko kusini mashariki ya Magomeni. Miezi ya kusi, Juni Julai Agosti, upepo unatoka hukohuko unakuletea honi mlangoni. Kaskazi ikiingia Disemba hamsikii kitu. Miguu umeanza kusikia mwezi gani?

Kamba_ya_Gati
@Tanga_Kongwe unasema kweli kwa mchana. Usiku kusi inalegea na unaingia upepo wa bara, unatoka nchi kavu kwenda baharini, mvuvi yeyote anautumia kutokea alfajiri. Huo ungeirudisha honi Zanzibar, sio Magomeni.

Tanga_Kongwe
Upepo wa bara ni wa pwani ukingoni, Magomeni ni bara huko

Miguu_Yangu
Leo nimeambiwa Magomeni ni bara 😂😂

Nondo_Kumi_na_Mbili
Mimi fundi ujenzi, naona mmesahau majengo. Yale maghorofa ya Kota yamezinduliwa Machi 2022, kabla yake pale palikuwa uwanja mtupu miaka, na kabla ya hapo nyumba fupi za kota. Ukuta mrefu wa zege unarudisha sauti. Jamaa kasema anaisikia akiwa karibu na maghorofa. Simama kati ya maghorofa mawili upige makofi usiku utaona. Ndio maana zamani hakuisikia, ukuta haukuwepo.

Miguu_Yangu
@Nondo naisikia Usalama, kule Kota ndio naisikia mara mbilimbili, hiyo nakupa

Nesi_wa_Zamu
Nimesoma uzi wote nacheka. Nyie mnatembea usiku kwa sababu usingizi hauji, mkiwaza madeni na wanafunzi wa la nne B. Mimi natembea usiku kwa sababu zamu imeisha, usafiri hakuna na hela ya bodaboda nimeshanunulia unga. Kutoka kazini mpaka nyumbani dakika kama ishirini, siku nikichelewa kuachiwa ni saa saba hiyo.

Nikwambieni ninachosikia mimi. Nasikia viatu vyangu. Halafu nasikiliza kama kuna viatu vingine. Nimenunua raba makusudi nikaacha vile vya kisigino maana kisigino kinakutangaza mtaa mzima kwamba anakuja mwanamke. Ufunguo nimeushika mkononi, simu imekaa kwenye sidiria, sijaweka kitu masikioni hata siku moja. Nikiona mtu mbele nahama upande wa barabara, na nyie kina Miguu mnaotembea mkitafakari hamjui ni wanawake wangapi wamehama upande kwa ajili yenu.

Kuhusu masikio, mwalimu ana hewa yake sawa, lakini mtu mwenye hofu anasikia zaidi. Mwili umeingia tahadhari, mapigo juu, mboni zimefunguka, unapokea kila kitu. Na huyo wa "mtaa unarefuka", ndio hivyohivyo, mwenye hofu kila hatua anaihesabu. Miguu anaogopa ila hataki kusema.

Miguu_Yangu
Dada nimekusoma. Hilo la kuhama upande sikuwahi kuliwaza kabisa. Ila kuogopa siogopi bana

Mkwe_wa_Tandale
@Nesi_wa_Zamu amekumaliza mkuu. Hata mimi nilikuwa jasiri mpaka panya road, wale vijana wa mapanga, walipopita kwetu, tangu hapo saa nne niko ndani nasikia honi ya meli kwenye taarifa ya habari

Sojaa_wa_Langata
Sema wasee, niwape story ya Nairobi. Hapa tulipata majaribio ya bure. Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, ikabadilishwabadilishwa masaa mpaka wakaitoa 20 Oktoba 2021. Nilikuwa naishi Lang'ata kwa estate yenye geti, nje huwezi toka lakini ndani ya estate unaeza zunguka. Nilikuwa nazunguka usiku kama huyu Miguu. Maze, hakuna mathree (matatu zetu), hakuna ndege, hakuna klabu. Na simba wa Nairobi National Park tulikuwa tunawasikia clear. Simba akinguruma inafika hata kilomita nane. Nikarudi kuishi usiku wa kawaida baada ya kafyu, simba wakapotea. Hewa ni ileile, baridi ni ileile ya Nairobi. Kwa hivyo kwangu ni kelele, kwisha maneno. Mwalimu ajibu hiyo.

Mwalimu_Chaki
Sijasema kelele sio sababu. Nimesema ni nusu. Soma posti yangu ya kwanza.

Sojaa_wa_Langata
Nimesoma, lakini nusu yako imekua ndogo sana hapa kwetu

Ukuta_wa_Michenzani
Assalaam aleikum. Na sisi Unguja tulikuwa na majaribio yetu, umeme ulipokatika Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima giza miezi mitatu. Nilikuwa natembea kutoka Michenzani mpaka Darajani usiku, wallahi unaiona nyota mpaka unaona haya. Kimya kile sijakisikia tena.

mchele_wa_Pemba
@Ukuta kimya gani yakhe? Majenereta yalikuwa yanaguruma kila kona, hoteli zote, maduka yote. Mimi miezi ile nililala na pamba masikioni.

Ukuta_wa_Michenzani
Usiku wa manane mafuta yalikuwa yanakwisha, watu wanazima. Mtu ana jenereta dogo la duka hawezi kuliwasha mpaka alfajiri.

mchele_wa_Pemba
Labda Michenzani. Na kutembea usiku wewe ulianza lini, 1995 mwaka wa Popobawa si ulikuwa unalala uwanjani na mtaa mzima, mmekoka moto

Ukuta_wa_Michenzani
Kila mtu alilala uwanjani mwaka ule na wewe ulikuwepo usinianze 😂

Kijukuu_cha_Bibi
Naona wasomi wengi humu, lakini wazee walijua. Bibi yangu Bagamoyo alikataza kupiga mluzi usiku, na alisema ukisikia jina lako linaitwa usiku usiitikie mpaka liitwe mara ya tatu, maana sauti ya usiku haina mwenyewe. Na ukipita mahali pananukia asumini au marashi na hakuna mtu, usigeuke. Miguu wewe hujawahi kunukia marashi njiani?

Miguu_Yangu
Nimenukia, kuna nyumba moja nyuma ya Usalama, usiku harufu inajaa kichochoro kizima mchana hakuna kitu. Mbona unanitisha sasa

Shamba_Langu_Kibaha
Huo ni mlangilangi au asumini, angalieni ndani ya ukuta mtauona. Maua mengi ya namna hiyo yanatoa harufu zaidi usiku kwa sababu yanawaita nondo, wale vipepeo vya usiku, ndio wanaochavusha. Mchana wanamwitia nani?

Kijukuu_cha_Bibi
Na nyumba ambayo haina ua wala mti je?

Shamba_Langu_Kibaha
Hiyo mwenyewe ana pafyumu

Baridi_ya_Makambako
Mnaobishana habari ya tabaka la hewa njooni Makambako mwezi wa sita. TAZARA inapita hapa, reli iliyojengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Usiku wa baridi, anga safi, ukungu umelala bondeni, treni ikiwa bado mbali sana unaisikia kama imo uani, magurudumu yanagonga kwenye maungio ya reli moja moja. Masika haiko hivyo. Na huku kwetu kelele za mchana ni ng'ombe na mashine ya kusaga tu. Kwa hiyo mwalimu yuko sahihi KWA MAKAMBAKO. Dar sijui, Dar usiku si joto lilelile, zege linatema moto mpaka alfajiri, hiyo ardhi inapoa saa ngapi?

Mwalimu_Chaki
Hoja nzuri. Mjini katikati athari ni ndogo kuliko kijijini, nakubali. Lakini honi inapita juu ya bonde la Msimbazi kabla haijafika Magomeni, na bonde lile lina maji na nyasi, linapoa.

chapati_mbili
mnaona? mfukoni tena

Joho_la_Kukodi
Nichomeke jambo la sheria maana naona mwenye uzi anatembea kwa amani sana. Kutembea usiku peke yake sio kosa. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuna vifungu 176 na 177 vya uzembe na uzururaji, na ukikutwa saa tisa nyuma ya nyumba za watu huna maelezo yanayoeleweka, ulinzi shirikishi hawatakusikiliza habari za honi. Tembea na kitambulisho. Kaa barabara yenye taa. Salimia walinzi wakujue sura.

Miguu_Yangu
Nikamatwe niwaambie nilikuwa nachunguza kupinda kwa sauti

Mlinzi_Zamu
Joho kasema kweli. Mtu anayepita akasema "mzee wa kazi, usiku mwema" simwangalii mara mbili. Anayenyamaza ndio namulika tochi.

Ruwi_Gorofa_ya_Tatu
Niko Muscat. Huku kiangazi mchana nyuzi arobaini na kitu, watu wote tumegeuza, saa sita usiku ndio familia zinatembea na watoto wa mkono. Usiku kelele kuliko mchana. Na bado mtaa unarefuka nikiwa peke yangu. Kwa hiyo kurefuka kwa mtaa na honi ni maswali mawili tofauti, msiyachanganye. La honi ni la mwalimu. La mtaa ni la mtu na nafsi yake.

Nesi_wa_Zamu
@Ruwi la mtaa nimeshalijibu, hofu. Mnalipamba tu.

Miguu_Yangu
@Nesi mi naona mchana nina pa kufika ndio maana panakuwa karibu. Usiku sina ninapokwenda, sasa nitafika vipi

Mkwe_wa_Tandale
Huyu apelekwe hospitali jamani

Kamba_ya_Gati
Turudi kwenye honi. Kuna namna ya kujua. Sauti inachukua kama sekunde tatu kwa kilomita moja. Mtu mmoja akae Magogoni pale kwenye pantoni, mwingine Kamata kwenye reli, Miguu akae Usalama, simu zote kwenye laini moja. Ikilia, wa kwanza kuipokea ndio aliye karibu nayo. Wa Usalama ataisikia sekunde kumi na tatu kumi na tano baadaye kama ni meli. Nani anajitolea?

Ndugu_Reli
Mimi Kamata, mtaaibika

Tanga_Kongwe
Mimi Magogoni ila ifanyike kwenye kusi na kwenye kaskazi, mara mbili, la sivyo siyakubali majibu

Mwalimu_Chaki
Na mtu apime joto juu ya ghorofa ya Kota na chini yake kwa wakati mmoja.

Nondo_Kumi_na_Mbili
Ghorofani nina shemeji. Ila saa nane usiku nikimgongea nitamwambia nimekuja kupima joto?

Nesi_wa_Zamu
Mimi nitakuwa natembea zangu kurudi nyumbani, nikisikia honi nitawapigia. Anayechangia bodaboda ndiye atapata majibu kwanza.

Mlinzi_Zamu
Lini sasa? Jumamosi siwezi, kuna harusi mtaani, spika mpaka asubuhi.

paka_wa_Jalalani
Samahani nimechelewa uzi, hivi na jogoo wanaowika saa saba usiku nao ni hewa ya baridi au ni hizi taa za barabarani? Kuna mmoja hapa Mburahati atakula kisu

chapati_mbili
@paka_wa_Jalalani fungua uzi wako